Mzungu Niliyemsemea

Nilimwona kwanza akiwa mzee. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mabati, kofia imemfunika macho, mbwa amelala miguuni pake, na nyuma yake nchi nyekundu isiyo na mti, tambarare hadi macho yachoke. Wiki iliyofuata alikuwa kijana juu ya farasi, anakusanya kondoo. Wiki ya tatu alikufa, gari lilimpindukia. Wiki ya nne alikuwa daktari mwenye nywele nyeusi, katika mji mdogo ambao kila mkazi wake alikuwa na jambo analoficha. Watu wa Kibiti hawakushangaa sana. Tulikuwa na ndugu waliopotea miaka, tukawasomea hitima, kisha wakashuka kwenye lori na redio begani.

Alikuwa mwigizaji wa televisheni wa Australia. Jina lake lilipita kwenye kioo kila mwanzo wa kanda, nami nililijua, ila sisi hatukumwita kwa jina. Wanawake walimwita Shemeji. Walimwita hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsemea, na mtu unayemsemea kila siku huwa kama ndugu yako.

Hizi zilikuwa enzi za ruksa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kujaa vitenge, sabuni za kunukia na betri. Mtani wangu mmoja, mtu wa vilima vya Umatumbi mwenye duka barabarani, alinunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la makuti nyuma ya duka lake na kuziba madirisha kwa magunia. Kanda alizipata Dar es Salaam, sanduku zima, kutoka kwa familia ya mtaalamu wa mradi aliyekuwa anarejea kwao Australia. Mama wa mtaalamu yule alikuwa akiwarekodia wajukuu zake michezo ya kwao na kuwatumia kwa posta, nadhani ili wasisahau nyumbani. Hakuandika namba juu ya kanda. Kwa hiyo maisha ya mtu yule yalitufikia yamechanganyika kama mbegu kwenye kibuyu, uzee kabla ya ujana, na kifo katikati.

Mimi nilikuwa nimetoka kupoteza kazi. Nilikuwa karani wa ghala la ushirika, napima korosho na kujaza stakabadhi. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao, ghala likafungwa, tukapewa barua. Nilibaki na cheti cha kidato cha nne, mashati mawili meupe, na heshima ya mtu aliyezoea kuitwa karani.

Mtani alinifuata nyumbani.

"Karani, si unajua Kiingereza?"

"Najua."

"Basi njoo umfasiri huyu mzungu. Watu wamechoka kumwona anapanua mdomo kama kambale."

Ningesema najua kidogo, nadhani maisha yangu yangekwenda njia nyingine. Nilisema najua.

Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu na cha barua za ofisini, maneno yaliyosimama kila moja peke yake. Cha yule mzungu hakikuwa na nafasi kati ya neno na neno. Kilipita kama maji chini ya mlango. Siku ya kwanza niliambulia ndiyo, hapana, mama, na chai. Mbele yangu kulikuwa na watu wamejaa, wanaume kwenye mabenchi upande wa kushoto, wanawake kwenye mikeka upande wa kulia, wote wananitazama mdomo. Nikaanza kusema. Niliangalia uso wa mzungu, nikaangalia mikono yake, nikasema kile ambacho uso ule ungeweza kusema. Walisikiliza kimya. Mwishoni bibi mmoja alifuta machozi kwa pembe ya kanga, nami nikaona kazi imepatikana.

Mwanzoni nilikuwa nasema, "Amesema kwamba anampenda, na mwanamke amejibu kwamba hawezi." Mtani hakupenda.

"Hadithi ya amesema inapoa," aliniambia. "Sema kama wewe ndiye yeye. Akisema mimi, nawe sema mimi."

Ndivyo ilivyokuwa kazi yetu tangu siku hiyo. Nilisimama kando ya televisheni, uso kwa watu, sikio kwa mzungu, nikasema mimi. Mimi nimechoka na kondoo hawa. Mimi ni daktari, sitakuacha ufe. Mimi baba yangu alinifukuza. Maonyesho yalianza baada ya sala ya alasiri na kwisha kabla ya magharibi, kwa kuwa mwalimu wetu wa madrasa alimwambia mtani kwamba video itakayopita adhana itakuwa na ugomvi naye. Kwa hiyo ukumbi ule naukumbuka kwa mwanga wa alasiri unaopenya kwenye matundu ya makuti, vidoa vya jua vikitambaa juu ya vichwa vya watu, na jenereta ikinguruma nje mpaka usingizi ukujie ukiwa umesimama. Mara nyingine nilikuwa sijui tena kama mzungu anasema nami namfuata, au mimi nasema naye ananifuata.

Kanda zilikuwa na matangazo ya biashara ya huko kwao, ya biskuti, ya sabuni, ya matairi. Watu waliyapenda kuliko mchezo wenyewe, na mtani alikatazwa kuyapitisha haraka. Katika tangazo moja la rangi ya nyumba alikuwemo yeye, Shemeji, amesimama juu ya ngazi na brashi mkononi. Waliniuliza daktari amefikaje kwenye ngazi. Nikawaambia yule ni mdogo wake.

Lakini mimi mwenyewe nilijua ni yeye. Nikiwa peke yangu nilijaribu kuzipanga kanda kwa nywele zake, maana hapakuwa na kitu kingine cha kunisaidia. Nywele nyingi, kondoo na farasi. Nywele zilizochanwa kando, udaktari, na hiyo ilikuwa miaka yake mizuri, kila kona ya hadithi ilimzunguka yeye. Zilipoanza kurudi nyuma ya paji akawa askari wa upelelezi. Kisha baba mkali wa binti ambaye ndiye aliyekuwa mwenye hadithi. Kisha ngazi na rangi. Kisha mtu anayefungua mlango, anasema neno moja na kuwapisha wengine waingie. Yule aliyekuwa katikati ya kioo alisogea pembeni mwaka hadi mwaka, bila mtu kumsukuma. Nilimwonea huruma. Sikufikiri kwamba nami nilikuwa na kioo changu.

Mke wangu alikuwa mtu wa Kiongoroni, kule delta karibu na bahari. Nilimwoa nikiwa karani, nikamleta Kibiti, naye akaja na mikono yake. Alisuka mikeka. Kila siku alikaa chini ya nguzo ya kulia bandani, ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, mapajani, vidole vinakwenda bila yeye kuvitazama, macho yako kwenye kioo. Alikuwa mcheshi. Nilipomaliza kusema maneno matamu ya daktari, alikuwa akiwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye shemeji yangu. Ananiheshimu kuliko kaka yake." Watu walicheka, nami nikacheka. Ulikuwa utani wa nyumba yetu, na nyumba ilikuwa njema.

Asubuhi moja alikuwa bombani na wanawake wenzake. Mmoja alinisifu, akasema mumeo amesoma jamani, mzungu hamalizi kufumba mdomo yeye keshafasiri. Mke wangu akajibu, "Mzungu anasema maneno mawili, mume wangu anasema ishirini. Mimi nayahesabu kwa ukili." Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Hakusema kwa ubaya. Najua sasa kwamba alisema kwa kujivuna, kama mtu anayesema jogoo wangu anawika kuliko wote.

Neno lilinifikia saa nne kwenye mgahawa, nikiwa na chapati mkononi.

"Karani," mmoja aliniuliza, "tunasikia mzungu anasema mawili, wewe unatoa ishirini. Yale kumi na nane ni ya nani?"

"Ya mkewe," mwingine akasema. "Anapewa nyumbani usiku, anakuja kuyatapika mchana."

Walicheka na mimi nikatabasamu. Nikairudisha chapati kwenye sahani. Mtu asiye na ghala, asiye na mizani, aliyebaki na Kiingereza tu, ukimgusa Kiingereza chake umemvua nguo.

Alasiri ile tuliweka kanda ya miaka ya udaktari. Mzungu alikuwa jikoni na mkewe. Mwanamke alikuwa amesimama karibu na dirisha, kichwa chini, na mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Mzungu akachukua kikombe kimoja, akakigeuza polepole, akakitazama, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Sikuelewa hata moja. Hiyo haikuwa ajabu, nilikuwa nimezoea. Nikageuka, nikamtafuta mke wangu chini ya nguzo, nikamtazama machoni, nikasema:

"Mke wangu, umenivunjia heshima mbele za watu. Mimi nimekuacha. Nimekuacha kwa talaka tatu."

Vidole vyake vilisimama. Nimewahi kuona mambo mengi tangu siku hiyo, nimezika watoto wa ndugu zangu, nimeona mto ukichukua mashamba, lakini ninapofumba macho ninachokiona ni vidole vile vimesimama juu ya ukili.

Kwenye kioo mzungu alikuwa amekwisha kubadilisha vikombe. Kile alichokitazama alikiweka mbele yake, kingine akamsogezea mkewe.

"Sasa mbona anampa chai?" bibi mmoja akauliza. "Mtu amwache halafu ampe kikombe?"

"Ndiyo ada yao ya kuachana," nikasema. "Huko kwao hubadilishana vikombe."

Wakaguna, wakaelewa. Hadithi ikaendelea, mke wa mzungu akawa bado yupo nyumbani wiki zote zilizofuata, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walikuwa na jambo kubwa zaidi la kuuliza.

Lilianzia nje ya banda, watu wakiwa bado wanafikicha macho kwa mwanga. Mzee mmoja aliyekuwa fundi seremala alisimama na fimbo yake akasema, "Ile talaka imetua wapi? Mzungu hana dini ya talaka tatu. Karani anayo, na mkewe alikuwa amekaa pale." Mwingine akasema ni mchezo tu. Seremala akasema talaka haina mchezo, hilo hata mtoto wa chuoni anajua, mtu akiitamka kwa mzaha imepita. Wakagawanyika pale pale. Nilipofika nyumbani mke wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda kulala kwa jirani, na amechukua ukili wake.

Asubuhi mwalimu wa madrasa aliniita. Alikuwa mtu mpole, mfupi, mwenye kikohozi. Alinikaribisha kwenye jamvi, akaniuliza habari za mvua, kisha akasema:

"Mwanangu, jambo lako ni jepesi au ni zito, na uzani wake unao wewe. Mtu akisimulia maneno ya mwenzake, hayo ni ya mwenzake. Kama yule mzungu alisema nimekuacha, nawe ukafikisha, mkeo ni mkeo. Kama hakusema, ukayatoa moyoni mwako, kwa hasira au kwa mzaha, basi umemwacha, na ni tatu. Hutamrudia mpaka aolewe na mwingine ndoa ya kweli, na waachane au mmoja afe. Mimi Kiingereza sikijui. Kijiji hiki kizima ni wewe tu unayekijua. Yule mzungu alisema?"

Nilikuwa na njia mbili tu. Nikisema kweli, nampoteza mke, na nampoteza mtu anayeitwa Karani, maana Kibiti nzima itajua kwamba miezi yote ile nilikuwa nawatungia. Nikisema uongo, vyote viwili vinabaki. Sitaki kujidanganya kwamba nilisema uongo kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwemo, lakini hayakuwa mbele.

"Alisema, maalim."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Akakohoa kwa muda mrefu. "Basi mchukue mkeo."

Mke wangu alirudi mchana ule. Aliweka ukili ukutani, akachambua mchele, akawasha moto. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Aliniuliza akiwa amenipa mgongo.

"Baba watoto, alisema?"

"Alisema."

"Haya."

Hakuja tena bandani. Alisema macho yanamwuma. Chini ya nguzo alikaa mwanamke mwingine ambaye hakusuka kitu.

Tuliishi hivyo miaka mitatu. Kwa nje hakuna kilichobadilika, na mtu angetupitia angesema salamu na kwenda zake. Alinipikia, alinifulia mashati, tulilala chumba kimoja. Utani wa shemeji ulikwisha. Kila mwaka mpunga ulipokaribia kukomaa alikwenda delta kwenye shamba la mama yake kuwinga ndege, nami nilimfuata kwa siku chache. Nakumbuka mwaka wa pili tumekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambacho mlinda shamba hukaa, mchana umetulia, mpunga umeinama chini yetu kila upande kama maji ya kijani. Kamba yenye makopo ilikuwa mkononi mwake. Ndege wakija aliivuta, makopo yakalia mbali, ndege wakainuka kama kitambaa kinachokung'utwa, wakatua palepale. Alivuta tena. Nilikuwa nusu nimelala.

"Shemeji hajambo?" aliuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu siku ile.

"Hajambo. Siku hizi ni askari."

"Na mkewe aliyemwacha?"

"Sijui alikwenda wapi."

Akavuta kamba. "Nilikuwa namtazama siku ile. Alimtazama yule mwanamke kama mtu anayetazama mgonjwa wake. Mimi sikusoma, lakini uso nausoma. Nikajiambia labda wazungu huacha hivyo, kwa upole." Akangoja. Ndege walikuwa wametua. Angengoja mpaka jioni kama ningetaka. "Haya," akasema, akavuta kamba.

Ningeweza kusema pale. Hapakuwa na mtu mwingine ila ndege. Nilijifanya nimelala.

Mwaka wa tatu deki ilianza kutoa picha yenye mistari, na mtani akanituma niisafishe kwa spiriti. Ilikuwa asubuhi, banda tupu, mabenchi yameinuliwa. Nikachukua kanda iliyokuwa karibu, nikaijaribu, na ikawa ile. Nilikuwa nimeiwekea watu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nilipofika pale nilisema maneno mengine, nikiitazama ardhi. Sasa hapakuwa na watu wa kusemewa. Nilikuwa nimechuchumaa, pamba mkononi, nasikiliza tu, na sikio likazibuka kama sikio lililotoka maji. Miaka mitatu ya kumsikia kila siku ilikuwa imefanya kazi bila mimi kujua. Mzungu alikigeuza kikombe akasema, polepole, kila neno limesimama peke yake:

"Hiki kina ufa. Nipe mimi, wewe chukua kile kizima."

Nikairudisha nyuma. Akasema tena vilevile. Nikairudisha mara sijui ngapi. Alikuwa na uso wa mtu ambaye amefanya kosa fulani kwa mkewe na hajui aanzie wapi kuomba radhi, akaona kikombe. Kanda nzima nililielewa hilo tu, na lilinitosha.

Nilikwenda nyumbani na spiriti ikinuka vidoleni. Mke wangu alikuwa uani, anaanika ukindu juani.

"Mama watoto," nikasema. "Hakusema."

Hakuuliza nani, wala nini. Aliendelea kutandaza ukindu mpaka fungu likaisha, akajifuta mikono.

"Umelijua lini?"

"Kwamba hakusema, nilijua siku ileile. Sikumwelewa hata neno moja. Nilikutazama wewe nikayasema kwako."

Akakaa chini. Jua lilikuwa kali, ukindu ulianza kujikunja na kutoa mlio mdogo kama mvua ya mbali.

"Miaka mitatu," akasema. "Umenifanya nizini miaka mitatu, kwenye kitanda changu, nikiwa nimetawadha."

Ubaya wa talaka niliufanya kwa hasira ya nusu saa. Ubaya huu mwingine niliufanya kila asubuhi nilipoamka na kunyamaza.

Tulikwenda pamoja kwa mwalimu. Aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

"Mimi nilihukumu kwa ulimi wako," akasema. "Ulimi ulikuwa mbovu, hukumu ikaoza. Huyu mama hana dhambi ya jambo asilolijua. Yako utaibeba, na toba mlango wake uko wazi." Kisha akasema naye atatubu, kwa kuwa aliuliza swali rahisi akaridhika na jibu rahisi.

Alipomaliza siku zake za eda kwa jirani, nilimsindikiza hadi Nyamisati kwenye boti. Watoto wetu wawili walikuwa wakubwa, mmoja shuleni Ikwiriri, mwingine ameanza kazi. Mama yao alipanda, akakaa juu ya mafungu ya mikeka yake, boti ikaingia kwenye mkono wa mto na mikoko ikaifunika. Baada ya mwaka aliolewa Kiongoroni na mkata boriti, mtu ambaye kila aliyenisimulia alimsifu.

Mimi nilisema kweli yangu bandani pia. Siku moja kabla ya onyesho nilisimama nikawaambia kwamba nilikuwa natunga. Seremala akasema, "Sasa tunajua. Endelea." Wakataka niendelee hivyohivyo, nitunge, ila nisitunge talaka. Sikuweza. Nilisema maneno niliyoyaelewa tu, machache, na ukumbi ukawa kimya na mkavu, na kila wiki benchi moja lilibaki tupu. Baadaye televisheni zikaja majumbani na mtani akageuza banda kuwa ghala la saruji. Kanda zilioza kwa unyevu. Mara ya mwisho nilipomwona Shemeji alikuwa ni yule mtu wa kufungua mlango, mzee kidogo kuliko mimi wakati ule, amevaa koti la mhudumu. Alifungua, akasema karibuni, akatoka pembeni ya kioo. Hilo nililifasiri sawasawa.

Miaka mingi imepita. Daraja limejengwa, lami imepita mlangoni kwangu. Mwaka jana niliambiwa kwamba mkata boriti amefariki. Nilituma rambirambi, nikangoja miezi minne na siku kumi za eda yake zipite, na mwezi mwingine juu yake kwa heshima. Kisha nikavaa shati jeupe nikapanda boti. Kwa sheria hapakuwa tena na kizuizi kati yetu. Njia nzima ya delta nilikuwa nayapanga maneno, boti inaingia mkono huu na kutoka mkono ule, mikoko inafunguka na kufunga, maji yametulia kiasi kwamba ukitazama chini unaona mti mwingine unakua kuelekea kwako. Nilisinzia, nikasikia jenereta, nikaamka, ilikuwa injini.

Alikuwa kibarazani, ukili mapajani. Nywele zimekuwa nyeupe, vidole ni vilevile.

"Karibu, baba watoto."

Alinipa wali na kamba wa nazi, akaniuliza habari za wajukuu ingawa anazijua kuliko mimi. Akaleta chai, kikombe changu na chake. Tulikaa muda mrefu tukimsikiliza mtu akipasua kuni.

"Kuna jambo sikukuuliza siku ile," akasema. "Nilikuwa na hasira. Ulisema hakusema. Sasa alisema nini?"

Nikamwambia. Kwamba kikombe kilikuwa na ufa, akataka anywee yeye, mkewe achukue kizima.

Vidole vyake vilisimama. Nilifikiri atalia. Alianza kucheka, taratibu, mabega tu, kisha akafuta macho kwa kanga.

"Kikombe," akasema. "Nilijua tu ni mambo ya chai." Akatikisa kichwa. "Ungekuwa umesema hilohilo, siku hiyo, mbele ya wale watu waliocheka. Ungenitazama vilevile ukasema hilo."

"Sikulijua."

"Ungeweza kulitunga. Si ulikuwa unatunga mazuri."

Nikaona ndipo pa kusema. "Nimekuja..."

"Najua ulichokujia. Tangu boti inakata kona niliona shati." Aliushika ukili tena, akatafuta alipoachia. "Hapana, baba watoto. Nimekusamehe zamani, na hilo ndilo nililo nalo la kukupa. Kunywa chai yako. Maji yanakupwa, na nahodha huyu hangoji hata mama yake."

Nikanywa. Nilipokuwa nanyanyua kikombe nilikigeuza kidogo bila kukusudia, nikakikagua ukingoni. Kilikuwa kizima. Nikaaga, nikateremka gatini, nikakaa kwenye boti upande wa kivuli, na tulikuwa tumekwisha kupita kona ya kwanza ya mikoko nilipokumbuka kwamba chake sikukitazama.